Mwaka wa Kinu Kitupu

Ilikuwa sauti kavu, ya mti kugonga mti, na hapakuwa na kitu katikati. Nilikuwa nimelala katika chumba cha uani cha Bi Kibibi, Masaki ya Kisarawe, asubuhi yangu ya kwanza katika kata ile ya mihogo na mikorosho, na kama ilivyo tabia yangu nilijaribu kuitafutia sauti ile sababu ya kawaida. Labda fundi alikuwa anapigilia boriti. Labda mtu alikuwa anapasua kuni. Hakuna sababu iliyotosha: mpasua kuni hupumzika na fundi huhama mahali pa kupigilia, lakini sauti hii haikupumzika wala haikuhama. Kisha ikajibiwa. Ikajibiwa tena kutoka upande wa mikorosho, na mara nyingine kutoka nyuma ya msikiti, mpaka ikawa kama kijiji kizima kinagonga mlango mmoja usiofunguliwa. Nilitoka mbio, peku, nimeshtuka. Bi Kibibi, mwenyeji wangu, alikuwa tayari uani akijikaza kanga kiunoni, mchi wa kutwangia umeegemea begani mwake.

"Shikamoo, Bibi. Kuna nini?"

"Marahaba. Kinu kitupu hicho. Husikii?"

"Kinu nakisikia. Utupu wake siusikii."

"Ndiyo maana nyinyi Wanyamwezi mlibebeshwa mizigo mpaka pwani bila kuuliza ndani mna nini," alisema. "Vaa viatu, mtani. Twende."

Nilikuwa nimemwambia asili yangu jioni iliyotangulia, naye alifurahi kama aliyepata mali, kwa kuwa Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani ni mtu unayeruhusiwa kumtukana mpaka siku ya msiba wake, tena siku hiyo hasa. Tulifuata njia ya mchanga mpaka kwenye nyumba ya mwanamke aitwaye Salima, aliyekuwa ametoka kufiwa na mume. Uani palikuwa na wanawake wamesimama wawili wawili kwenye vinu walivyokuja navyo wenyewe, wakipokezana michi, na ndani ya vinu hamkuwa na chochote. Hawakuimba. Hawakumtukana mtu. Shemeji yake Salima alikuwa amesimama karibu na baiskeli iliyopakiwa mabati, akijifanya anakaza kamba ambayo ilishakazwa. Jua lilipopanda juu ya mikorosho aliifungua kamba ile, akayarudisha mabati ukutani moja moja, akaomba kiti ili mazungumzo yaanze. Ndipo michi ilipowekwa chini, na mwanamke mmoja akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama kuna chai.

Nayaandika haya kwa sababu Bi Kibibi amezikwa, na juzi nimetoka kwenye Siku ya Bi Mwanaidi ya kwanza ambayo yeye hakuwepo. Kiti chake cha plastiki kiliwekwa mbele kama kawaida, na hakuna aliyethubutu kukikalia, hata mgeni mmoja aliyechelewa na akakosa mahali. Nilirudi nyumbani Kibaha, nikaketi sebuleni, katika sebule ileile nitakayoieleza hapa chini, na nikagundua kwamba kwa miaka yote hii nimekuwa nikiusimulia mwaka ule kama utafiti. Nimeusimulia hivyo kwenye mihadhara, nikiwa na picha za vinu na mishale ya kuonyesha nani alisimama wapi. Sijawahi kuusimulia kama mwaka nilioishi.

Bi Mwanaidi, ambaye siku ile imepewa jina lake, nilimkuta amekwisha kufa. Niliambiwa habari zake na waliomjua, na wote walianzia mahali pamoja. Alipofiwa na mume, ndugu wa mume walikuja wakachukua mazao, kitanda, mlango na madirisha. Kinu tu kiliwashinda kwa uzito. Hasira zikampanda, akachukua mchi akaanza kukitwanga kitupu, jambo ambalo kwao ni mwiko, kwa maana anayetwanga kinu kitupu anaita njaa na msiba. Majirani walikuja mbio kumzuia. Walipoona nyumba isiyo na mlango, hawakumzuia. Walikwenda kuleta michi yao. Kuanzia hapo maisha yake yote yalikuwa ya kusimama kwenye nyua za wajane wengine. Alikwenda kwenye ofisi za kata na wilaya, alikwenda mahakamani, alilala rumande, alirudi na kinu chake. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na niliichagua habari yake kwa sababu, kama nilivyoandika katika pendekezo langu, ilikuwa "mbinu ya kijamii ya kudai haki". Maneno hayo yalikuwa sahihi. Hayakuwa yote.

Yaliyobaki ni haya. Wiki chache kabla ya asubuhi ile ya kwanza, mume wangu Gidioni alikuwa amefariki. Alikuwa mtumishi wa serikali, mpole, mwenye mazoea ya kupiga mswaki huku akitembea nyumba nzima. Tulikuwa tunajenga Kibaha, nyuma kidogo ya kituo cha Kwa Mathias, na tulihamia kabla nyumba haijakwisha, kama wengi wafanyavyo. Sebule ilikuwa na sakafu lakini haikuwa na dari, hivyo kila neno lililosemwa chumba kimoja lilipita juu ya ukuta likaingia chumba kingine. Makochi yalikuwa bado yamevikwa nailoni ya dukani. Gidioni alikataza tusiivue mpaka rangi ipakwe. Mifuko miwili ya saruji ilikaa pembeni na tuliifunika kitambaa cha meza tukaifanya mahali pa kuwekea redio. Siku matanga yalipoanuliwa, ndugu zake hawakuondoka wote. Kaka yake mkubwa alibaki, pamoja na shangazi yao, na baada ya hapo wakawa wanakuja kila Jumamosi.

Hawakuwa watu wa kelele. Ningependa kuwatendea haki hapo: hakuna aliyenipigia kelele hata mara moja. Walikunywa chai niliyoandaa, walisifu maandazi, kisha niliporudi jikoni nilisikia sauti zao zikipita juu ya ukuta usio na dari.

"Hiki chumba cha mbele kitobolewe mlango wa nje, kiwe fremu ya duka," alisema shemeji.

"Na huyu mke wetu?" aliuliza shangazi.

"Huyu msomi. Msomi hakosi pa kwenda."

"Angekuwa na mtoto, shauri lingekuwa lingine."

"Ndiyo hivyo. Hakuna wa kumlindia nyumba."

Nilisimama nikiwa nimeshika birika. Nakumbuka nililichunguza neno lile "mke wetu" kwa makini, kama mtu anayechunguza chakula alichokwisha kukimeza: kwamba nilikuwa wao maadamu nilikuwa napika, na kwamba nyumba ilikuwa yao maadamu mimi nilikuwa wao. Sheria niliijua. Ningeweza kuwasomea vifungu nikiwa nimefumba macho. Lakini mtu hawezi kuwasomea vifungu watu wanaosifu maandazi yake, au mimi sikuweza, na kadiri nilivyotafakari namna ya kuanza ndivyo nilivyogundua njia nyingine ya kukosea. Majirani zangu walikuwa watu wa kuta ndefu na mageti ya chuma. Walitoka alfajiri kwenda kazini Dar es Salaam na kurudi giza limeingia. Tulifahamiana kwa taa za magari. Kanisani walinipa pole, wakaniambia Mungu ndiye mume wa mjane, na Jumapili iliyofuata kiti cha karibu yangu kikawa wazi, sijui kwa nini, labda kwa heshima.

Basi nikawa na makazi mawili. Jumamosi na Jumapili nilikuwa mjane Kibaha, katika gauni jeusi. Jumatatu nilitoka na gauni jingine, nikabadilisha usafiri Maili Moja, na mchana nilikuwa Masaki, mtafiti. Gauni jeusi lilibaki limekunjwa chini kabisa ya begi, ndani ya mfuko wa nailoni, na sikulitoa kamwe. Msimamizi wangu wa masomo alikuwa ameniambia kwamba mpiga picha hapaswi kuonekana katika picha yake mwenyewe, nami nililishika neno hilo kwa nguvu zaidi ya alivyokusudia. Ningewezaje kuwauliza wajane habari zao, halafu niwabebeshe zangu? Wangenihurumia, huruma ingebadilisha majibu, majibu yaliyobadilika yasingekuwa ushahidi. Ulikuwa mlolongo mzuri wa hoja, kila pete imeshika nyingine, na katikati yake nilikuwa nimefungwa mimi.

Lakini mikeka ya Bi Kibibi! Hapo ndipo mwaka ule ulipokuwa na joto. Tulikula uani, bada kwa kisamvu cha nazi, na bada ni ugali wa muhogo mkavu, mweusi kidogo, unaovutika. Sikuuzoea upesi. Nilikuwa nikiumega kwa adabu, vipande vidogo, na Bi Kibibi alinitazama kwa uchungu.

"Mtani, unakula au unapima?"

"Nakula, Bibi."

"Salima, mtazame. Watu wa Tabora wakiona chakula bila asali wanadhani ni dawa."

"Mwache mwenzio," alisema Salima, ambaye sasa alikuwa akija kula nasi karibu kila siku. "Labda mumewe kamzoesha wali."

"Mume anaye huyu? Mtu anaandika hata akitafuna! Mume gani atapata nafasi ya kusema?"

Walicheka, nami nikacheka, na nikaandika kwamba utani hutumika kupima hali ya mgeni. Bi Kibibi alikuwa mwanamke mwenye kisirani pia, lazima niseme. Aliiba maembe ya jirani kwa fimbo ndefu mchana kweupe, na akigombana na mtu alisusa salamu yake mpaka mtu huyo amletee suluhu. Yeye ndiye aliyetwanga pamoja na Bi Mwanaidi tangu mwanzo, lakini ukimwuliza habari za mwenzake alikuambia kwanza kwamba marehemu alikuwa mchoyo wa chumvi. Jioni walipokwisha kutawanyika nililala katika chumba kile cha uani, mahali palipokuwa na kitanda cha kamba, mtungi, na magunia ya korosho yaliyotoa harufu ya mafuta, nikimsikia akiongea na kuku. Kulikuwa na ukuta wa udongo tu baina yetu. Mara nyingi nilifungua mdomo. Nilikuwa nikijaribu sentensi ya kwanza, nikiipanga upya, nikitafuta kitenzi kisichoomba kitu.

Kuelekea mwisho wa mwaka ikaundwa kamati ya kuandaa Siku ya Bi Mwanaidi, ya kwanza kabisa, na kwa kuwa nilikuwa msomi nikafanywa katibu. Tulikutana Kisarawe mjini, katika ukumbi wenye feni moja inayozunguka kwa kusitasita. Palikuwa na mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa vijana, na afisa mmoja aliyetaka kila jambo liwe na muda wake. Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo watu wa ratiba peke yao wanaweza kulifanya. Baada ya dua, wimbo na hotuba, tuliweka: "Maonesho ya kinu kitupu, wanawake wa Masaki." Mimi ndiye niliyependekeza. Niliona itakuwa heshima, vijana waisikie sauti ile. Tulikubaliana hata mahali pa kuweka kipaza sauti, chini, karibu na kinu, ili isipotee.

Siku yenyewe uwanja wa shule ulijaa. Maturubai yalifungwa, viti vya plastiki vikapangwa, mgeni rasmi akafika akiwa amechelewa na akiwa na haraka. Zamu ya maonesho ilipofika, mshereheshaji akawaita akina mama wa Masaki, wakapanda jukwaani, Bi Kibibi mbele, Salima nyuma yake, michi mikononi, wamevaa kanga za sare tulizowanunulia. Kinu kilikuwa katikati. Wakakizunguka. Wakasimama.

Hawakutwanga.

Mshereheshaji alidhani hawakumsikia, akarudia. Yule afisa wa kuhesabu muda akanitazama. Nilitazama ratiba yangu kana kwamba jibu lingekuwa humo. Hatimaye Bi Kibibi aliinama, akakiinua kipaza sauti kutoka chini kando ya kinu, akakishika kama anavyoshika ile fimbo ya maembe.

"Nani kafukuzwa?" aliuliza.

Watu wakaangaliana.

"Nauliza. Kinu kitupu hakitwangwi kwa kufurahisha wageni. Mwanaidi hakukitwanga hata mara moja bila mtu kuwa nje na vyombo vyake. Mmetupandisha hapa, haya, semeni: nani kafukuzwa, tumtwangie?"

Nilikuwa nimekaa safu ya pili, kalamu mkononi. Gauni jeusi lilikuwa begini, begi miguuni pangu. Jumamosi iliyopita shemeji alikuwa ameniambia kwa upole kwamba mafundi wa mlango wa duka watakuja, na kwamba ingependeza nisiwepo, kwa sababu ya vumbi. Nilikuwa mtu pekee katika uwanja ule aliyekuwa na jibu la swali lililoulizwa, na nilisikia swali lile likipita juu ya vichwa vya watu, likatafuta, likanipita. Sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa pale, katikati ya watu waliokuja kumkumbuka mwanamke ambaye angekuja kwangu kwa mguu.

"Hakuna? Alhamdulillahi," alisema Bi Kibibi. "Basi leteni makopa, tutwange kinu chenye kitu, watu wale. Na mgeni rasmi asiondoke, bado hajaonja bada."

Vicheko vikalipuka. Muhogo mkavu ukaletwa kutoka nyumba za jirani, michi ikaanza, na sauti ikatoka nene, iliyoshiba, tofauti kabisa. Hapo hatimaye nikasikia ule utupu niliokuwa siusikii asubuhi ya kwanza. Mgeni rasmi alikula akiwa amesimama. Hadi leo Siku hiyo wanaiendesha vivyo hivyo: swali linaulizwa, watu wananyamaza au mtu anasimama, na hapo tu ndipo wanapojua watatwanga nini. Watu wa magazeti huliita swali lile sehemu ya sherehe. Aliyelianzisha alikuwa amekasirika tu.

Nilirudi Kibaha kesho yake mchana. Kabla sijafika getini nilisikia nyundo. Fundi alikuwa akitoboa ukuta wa mbele kwa ajili ya mlango wa duka, na shemeji alikuwa amekaa kivulini akila machungwa, akanisalimu vizuri sana. Makochi yalikuwa yametolewa nje, nailoni yao ikimeta juani. Mifuko ya saruji ilikuwa imefunguliwa. Redio ilikuwa chini. Nilipita katikati yao nikaingia jikoni, nikafunga mlango, nikasimama karibu na sinki. Nyundo ilikuwa ikipiga ukuta, na ukuta ulikuwa mtupu upande wangu.

Niliishika simu. Nilianza kuandika ujumbe kwa wakili niliyesoma naye, nikaufuta. Nilianza kumwandikia msimamizi wangu nikitaka ushauri wa kimaadili, kama mtafiti anaweza kuwa miongoni mwa watu anaowachunguza, na nikaona upumbavu wake kabla sijafika mwisho wa sentensi. Nilifungua begi, nikatoa gauni jeusi kwenye mfuko wake wa nailoni, nikalivaa. Kisha nikampigia Bi Kibibi.

Aliipokea kwa kupiga kelele, kama apokeavyo simu siku zote, kana kwamba Kibaha ni ng'ambo ya bahari.

"Haloo! Nani?"

"Shikamoo, Bibi. Ni mimi."

"Marahaba, Mnyamwezi! Umefika? Umesahau kanga yako, kuku wameilalia."

"Nimefika. Bibi, jana uliuliza nani kafukuzwa."

Upande wa pili nilisikia kuku, na mtu akiburuta ndoo.

"Niliuliza," alisema.

"Ni mimi."

"Mumeo kakufukuza?"

"Mume wangu amefariki, Bibi. Tangu kabla sijaja kwako. Ndugu zake wanatoboa ukuta. Wapo hapa sasa hivi."

Sauti yake ilikuwa chini, na sijawahi kuisikia chini namna ile tena.

"Mtani wangu amefiwa," alisema. "Mwaka mzima nakula naye, namtukana, kumbe amefiwa. Sikukulilia. Nimekutania bure, bila kukulilia." Nikamsikia akivuta kamasi, kisha akageuka kutoka kwenye simu na kuita kwa sauti yake yote, "Salima! We Salima! Acha hiyo ndoo!" Akarudi kwangu. "Hapo kwako kuna kinu?"

"Hakuna, Bibi. Kuna blenda."

"Mungu wangu. Tutakuja navyo. Kibaha sehemu gani?"

"Nyuma ya Kwa Mathias. Nyumba isiyo na rangi, makochi yapo nje."

"Yarudishe ndani uyakalie. Usibishane na mtu, bandika chai, tupo wengi. Na mtani..."

"Naam, Bibi."

"Ukitusikia, safari hii usishtuke."